Galaksi Haifi kwa Nusu Saa

Vijana wangu, kila mkija kunisalimia hapa Izigo mnaniuliza kazi niliyostaafu nayo ilikuwa kazi gani hasa, na kila nikiwajibu mnatazamana. Nilikuwa napima mistari. Majirani walipoambiwa hivyo waliamini nimerudi mpima ardhi, na mzee mmoja wa huko juu alinijia na mgogoro wa mpaka wa kibanja chake kabla sijafungua mizigo. Nilimwambia mistari yangu iko mbali kidogo. Akauliza, "Mbali wapi, Ngenge?" Nikamwambia ni mbali kuliko Ngenge, akaondoka amenuna.

Basi leo nimekaa niwaeleze vizuri, nyie mnaosoma sayansi na nyie mnaoikimbia. Nawaambia mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikitia chumvi naonja, naonja tena, mpaka mboga inapungua sufuriani. Mama yangu alihofia sitaolewa kwa tabia hiyo, na kweli ilichukua muda. Lakini wasiwasi ndio akili, na katika kazi yangu ulinilipia nauli maisha yote.

Katikati ya kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi, kitu kizito kinachovuta kila kilicho karibu nacho. Mara nyingi shimo hilo limetulia, halina cha kula. Katika galaksi chache linakula, na gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa inapata joto na kuwaka, kiasi kwamba kiini hicho kidogo kinaweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Darubini inakusanya mwanga wa kiini, inaupitisha kwenye ufa mwembamba, halafu inaupasua rangi kwa rangi kama upinde wa mvua. Mwanga uliopasuliwa hivyo ndio spektra. Ukiuchora kwenye grafu unapata sakafu inayopanda na kushuka taratibu, na juu ya sakafu imesimama miiba na vilima. Miiba ni myembamba, inatoka kwenye gesi iliyo mbali na shimo, isiyo na haraka. Vilima ni vipana, vinatoka kwenye gesi iliyo karibu kabisa na shimo, inayozunguka kwa kasi ya kutisha hadi rangi yake inatawanyika huku na huku. Ukiona kilima, unajua shimo linakula. Kilima kikitoweka, huenda shimo limenyimwa chakula, na sisi tulikuwa tunasema galaksi imezimika, au kwa lugha ya ofisini kwetu, imekufa.

Mimi nilipima urefu, upana na ukubwa wa vitu hivyo. Ni hayo tu.

Aliyenifundisha alikuwa Dakta Sefu, mtu wa Miembeni hapo Bukoba mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo akaoa huku huku. Tulikutana chuo kikuu Dar es Salaam, yeye bosi na mimi mgeni mwenye shahada mpya na kichwa kikubwa. Mnajua tunavyotaniwa sisi Wahaya, nshomile, watu wa kujitangaza tumesoma. Siku ya kwanza nilimpelekea vipimo vya galaksi nzima kabla ya chai ya saa nne. Akavaa miwani, akatazama karatasi, akaniuliza, "Nshomile, sakafu iko wapi?"

Sikujua anasema nini. Nilikuwa nimepima kilima kuanzia chini kabisa ya karatasi. Akaniuliza, kama lundo la kahawa limemwagwa kwenye uwanja wenye mteremko, nitapimaje urefu wake bila kujua ardhi iko wapi chini ya lundo? Ile ardhi huioni, imefunikwa na kahawa yenyewe. Unaangalia uwanja ulipo wazi upande huu na upande ule, kisha unakisia unavyopita katikati. Kwenye spektra ni hivyo hivyo. Unatafuta sehemu tupu pembeni mwa kilima, unanyoosha mstari kutoka huku hadi kule, na hapo ndipo unapoanzia kupima. Ukiuweka juu mno, kilima kinazama. Ukiushusha mno, hata takataka inageuka mlima. Watu wawili wenye digrii zao wanaweza kupima kilima kimoja wakapata majibu ya kugombana, na kosa likawa sakafu tu.

"Sakafu kwanza," alisema Mzee Sefu, na alilisema neno hilo mpaka anastaafu. Mkewe, Bi Mwanahamisi, ambaye Mungu amemweka hadi leo pale Miembeni, huwa anasema mumewe alikufa hajui bei ya unga, lakini sakafu ya galaksi aliijua.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha, kwa wengine. Wiki moja niliona mwiba mrefu mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Nikatoka ofisini nakimbia, viatu mkononi, nikijua nimegundua jambo jipya ulimwenguni. Mzee Sefu hata hakuinuka. Akauliza, "Umo kwenye picha ya pili?" Haumo. Ilikuwa chembe tu ya kutoka angani iliyoipiga kamera ya darubini na kuacha alama. Chembe hizo zinapiga kila mara, na ndiyo sababu darubini haipigi picha moja ndefu. Inapiga vipande viwili, vitatu, ili kimoja kikidanganya vingine vikisute. Kulikanusha jambo ni rahisi namna hiyo, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu.

Mara nyingine nilipima mwiba mzuri, safi, umesimama kama askari. Nikaupima siku nzima. Mzee Sefu akaniletea chai mwenyewe, jambo lililonitia hofu, akaniambia kwa upole, "Hongera. Umepima taa za barabarani." Mwanga wa mji ulio karibu na darubini ulikuwa umepanda angani ukaingia kwenye spektra. Watu wa ofisini walinisalimia kwa jina la Mama Taa kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Zana zilibadilika sana. Mzee Sefu alinihadithia kwamba yeye akiwa mwanafunzi walikata kilima kwenye karatasi kwa mkasi, wakapima uzito wa karatasi kwenye mizani ili kujua ukubwa wake. Mimi nilianza na rula na penseli, zikaja programu za kompyuta, na siku hizi nasikia akili mnemba inapima maelfu kabla hujamaliza kupiga mswaki. Sina ugomvi nayo. Nawaonya kitu kimoja tu: mashine haijui kusema "sijui". Ukiiomba kilima itakupa kilima. Pale kwenye mwanga mwekundu wa haidrojeni, kwa mfano, kilima kinabebana na miiba miwili ya naitrojeni, mmoja kila upande, na vyote vitatu vimeshikana. Programu ukiiacha huru itagawa mwanga inavyotaka. Lakini sisi tunajua kwamba mwiba mdogo wa naitrojeni daima ni theluthi ya ule mkubwa, ndivyo maumbile yalivyo, kwa hiyo unaifunga programu kwa sharti hilo kabla haijaanza. Mwenye kujua ndugu wa nyumba fulani hawezi kudanganywa nani ni mtoto wa nani.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Linaanza na kaka yangu Kamugisha, ambaye mnamfahamu, huyo anayekaa nyumba ya pili kutoka hapa.

Kamugisha aliugua, akalazwa Bukoba. Binamu yetu mmoja alitumwa kwenda kumwona na uji. Alifika wodini akakuta kitanda cha dirishani, ambacho jana yake kaka alikuwa amelalia, kiko kitupu na shuka limeondolewa. Akauliza waliokuwa jirani, wakatikisa vichwa kwamba hawajui. Yule binamu akatoka nje analia, akaandika kwenye kundi la simu la ukoo: kaka ametutoka. Mnajua msiba kwetu hausubiri. Kabla ya saa sita uwanja ulikuwa umejaa, majani yametandikwa, masufuria ya ndizi yako motoni, na shangazi zangu wamekwisha kugawana nani atalala wapi. Mimi nilikuwa nimekaa chini sisikii wala sioni. Ndipo mama mmoja muuza maandazi pale hospitali akapiga simu kuuliza chombo chake, maana Kamugisha amekula maandazi na bado hajarudisha bakuli. Kaka alikuwa amehamishiwa wodi nyingine tu, upande wa pili wa korido.

Aliporuhusiwa alirudi nyumbani akakuta ndizi za msiba wake hazijaisha. Akala. Akasema zilikosa chumvi.

Tulicheka, na bado tunacheka, lakini mimi ile asubuhi haijanitoka mwilini. Nilimlilia mtu mzima aliyekuwa anakula maandazi. Tangu hapo nikisikia tangazo la kifo, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyeangalia, na aliangalia wapi.

Muda si mrefu baadaye, Jumatatu moja nikiwa naanika kahawa, simu ikaita. Alikuwa Koku, binti wa Ngenge anayesomea udaktari wa fizikia ya anga huko ughaibuni kwenye baridi. Alinisikia nikizungumza shuleni kwao akiwa kidato cha tatu, na tangu hapo hakuniacha. Nilimfundisha sakafu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na likizo alikuja kukaa hapa tukapima pamoja. Wazazi wake wanaishi kwa kilimo na kijiji chao kizima kinamwombea kanisani.

"Ma Adela, shikamoo. Imekufa!"

"Marahaba. Nani?"

"Galaksi yangu, waitu! Kilima chote kimeondoka. Imebaki miiba mitupu. Msimamizi anataka tutangaze Ijumaa kwa watu wote wa darubini."

Alikuwa anahema. Galaksi hiyo aliifuata tangu anaanza masomo, na miaka ya nyuma ilikuwa na kilima kipana kizuri. Kuzimika kwake kungekuwa tasnifu nzima. Akaniambia na mengine, kwa sauti ya chini: ufadhili wake unaelekea ukingoni na hajawa na matokeo ya maana, na kuna kundi jingine, watu wakubwa, wanaotazama eneo lile lile la anga. Asipotangaza Ijumaa, watamtangulia. Akitangaza na ikawa si kweli, darubini kubwa zitageuzwa kuangalia, zitaikuta galaksi hai, na jina lake litakuwa la yule msichana aliyezika mzima.

Nilipaswa kufurahi naye. Badala yake tumbo lilinikata. Nikamuuliza, "Nani aliyeangalia, na aliangalia wapi?"

"Mimi, Ma. Miiba ipo! Kama darubini ingekosea, na miiba ingekosekana."

Hapo ndipo penye mtego, na nawaomba muusome vizuri kwa sababu umewanasa wazee wenye mvi. Gesi ya kilima imekaa mahali padogo sana, katikati kabisa. Gesi ya miiba imetandaa pande zote, mbali. Darubini ikiteleza kidogo, ufa ukaacha kiini na kukaa pembeni, miiba bado utaiona, imepungua kidogo tu, na kilima kitakuwa kimekwenda. Utapata spektra safi isiyo na kosa hata moja, ya kitanda kitupu.

"Ilikuwa vipande vingapi?" nikamuuliza.

"Vitatu. Lakini programu imeviunganisha, mimi nina kimoja kilichounganishwa."

"Niletee vipande."

Akasema, "Ego, Ma," ndiyo ya kwetu Wahaya, kwa unyonge wa mtoto aliyeambiwa arudi kufagia.

Mtandao wa hapa Izigo siku za mawingu ni wa kuomba Mungu, na mafaili yale ni mazito. Jumatano nikaenda mjini, Miembeni kwa Bi Mwanahamisi, ambako mtandao ni mzuri kwa sababu wapangaji wake ni vijana wa kompyuta. Akanipa meza ya marehemu mumewe, karibu na dirisha. Akaniwekea chai na vitumbua, akaniangalia ninavyofungua kompyuta kabla hata ya kukaa vizuri.

"Adela, umestaafu wewe," akasema. "Kwa nini unajitesa na vitu vya watu?"

"Ni mtoto wa watu, dada."

"Haya. Kunywa chai kwanza, usije ukamwaga juu ya galaksi."

Nilikuwa naogopa pande zote mbili. Nikimwambia asubiri na kumbe imekufa kweli, nitakuwa nimemnyang'anya tonge mdomoni, mimi kikongwe mwenye wasiwasi wangu wa kuonja chumvi. Nikimwambia atangaze na kumbe hai, nitakuwa nimemzika pamoja na galaksi. Nilitamani Mzee Sefu angekuwepo anivulie miwani aniambie la kufanya. Kiti chake kilikuwa chini yangu, na hakikusaidia.

Mafaili yakashuka. Nikafungua kipande cha tatu. Miiba mitupu. Nikafungua cha pili. Miiba mitupu. Nikasema moyoni, maskini, imekufa kweli, mtoto ana haki yake. Nikafungua cha kwanza.

Kilima kilikuwepo. Kipana, cha chini kidogo kuliko cha zamani, lakini kipo, kimekaa juu ya sakafu yake kama nyumba.

Nikaelewa kilichotokea. Darubini ilianza ikiwa imelenga sawasawa, halafu ikateleza na kubaki pembeni. Vipande viwili vikafanana, kimoja kikatofautiana. Programu ya kuunganisha imefundishwa kutupa kisichofanana na wenzake, maana mara nyingi hicho ndicho chenye chembe za angani. Wengi wape, na ikawapa. Kile kimoja kilichosema kweli kikatupwa kama takataka.

Nilimpigia Koku. Alivitazama na yeye huko aliko.

"Huenda cha kwanza ndicho kibovu," akasema. "Viwili dhidi ya kimoja, Ma."

"Mwanangu, kati ya kipande cha kwanza na cha tatu imepita nusu saa. Gesi ya kilima iko mahali padogo, lakini hata hapo mwanga wenyewe unachukua siku nyingi kupavuka. Galaksi haifi kwa nusu saa. Na kuteleza kunaweza kuficha kilima, hakuwezi kukizua. Kumi waliokuta kitanda kitupu hawamshindi mmoja aliyemwona mtu anakula maandazi."

"Maandazi gani tena?"

Nikamhadithia ya Kamugisha. Sikucheka, na yeye hakucheka. Mwishoni akasema kwa sauti iliyokauka, "Ma Adela, wewe una pensheni. Una kibanja. Mimi nisipotangaza kesho kutwa, nitarudi Ngenge na nini?" Simu ikakatika, na sikujua kama ni mtandao au ni yeye.

Siku mbili zile sikuonja chumvi, kwa sababu sikupika. Kamugisha alikuja akanikuta nimekaa mlangoni, nikamweleza yote. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza jambo lolote la kazi yangu. Akaniuliza, "Kwa hiyo wanataka kumtangaza na yuko hai?"

"Ndivyo ninavyoamini. Sina hakika."

"Masikini mwenzangu," akasema, na tangu hapo akaiita galaksi ile hivyo hivyo, mwenzangu.

Ijumaa jioni ulikuja ujumbe mfupi wa Koku: nimekataa. Msimamizi amekasirika. Nitaomba iangaliwe upya. Nikamjibu kwamba amefanya vyema, na nilipobonyeza kutuma nikaogopa zaidi ya mwanzo, kwa maana sasa lilikuwa limeshakuwa.

Wiki iliyofuata lile kundi la wakubwa likatangaza. Galaksi ile ile, imezimika. Walikuwa wamechukua spektra ile ile, iliyounganishwa na programu ile ile, kwa kuwa ilikwishawekwa wazi kwa kila mtu. Koku alinitumia tangazo lao bila neno. Majina yao yalikuwa mengi, na pongezi zilikuwa zimeanza kumiminika. Nilisoma nikiwa nimesimama shambani, nikakaa chini kwenye majani makavu ya migomba. Niliwaza, Adela, umemponza mtoto. Kama hawa wote wameona imekufa, wewe ni nani?

Lakini Koku hakuwa amekaa chini. Aliandika maelezo ya ukurasa mmoja, akaweka vipande vitatu kimoja chini ya kingine, na akasema kwa adabu kwamba kwa vipande hivi haiwezi kusemwa imekufa. Akayatuma kwa majina yale yote. Aliniambia alipotuma alikwenda kutapika. Kuna waliomjibu kwa upole na kuna mmoja aliyemuuliza amesoma wapi. Msimamizi wake, hasira zikiwa bado hazijaisha, alipata nafasi kwenye darubini nyingine, na safari hii walimwomba mhudumu wake ahakikishe kiini kimekaa katikati ya ufa kabla ya kila kipande.

Ilibidi tungoje anga la huko litakate. Nimezaa watoto watatu na sijawahi kungoja namna ile. Kila asubuhi Kamugisha alipita na mkongojo wake, hakunisalimia kwanza, alisema tu, "Mwenzangu?" Nami nilisema bado. Akaendelea na safari yake ya kwenda kunywa kahawa kwa watu.

Picha ilifika asubuhi ya Jumapili, wakati watu wanatoka misa ya kwanza. Nilikuwa na Koku kwenye simu, mtandao umetulia kwa rehema. Kamugisha alikuwa ameketi kwenye ngazi, amekataa kuondoka. Grafu ikafunguka polepole kutoka juu kushuka chini, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikaona mgongo mpana katikati ya miiba. Vijana wangu, nilipiga kelele. Nilisimama nikasema, "Ipo! Koku, ipo! Iko hai!" na machozi yakanitoka hapo hapo, na Kamugisha akapiga mkongojo wake chini mara nyingi.

Halafu upande wa pili wa simu nikasikia sauti ndogo ya Koku, tulivu kabisa.

"Ma Adela. Sakafu umeweka?"

Nikakaa.

Sikuwa nimeweka. Nilikuwa nimeona mgongo nikatangaza, kama binamu yetu alivyoona shuka limeondolewa akatangaza. Miaka yote ya Mzee Sefu kichwani mwangu, na nilikuwa tayari kufufua kwa haraka ile ile ambayo wenzangu walizika. Nilifuta macho. Nikasema, "Bado, mwanangu. Tuweke wote."

Tukaweka, yeye huko na mimi hapa, kila mtu peke yake bila kumwonyesha mwenzake, kama nilivyomfundisha. Nilitafuta sehemu tupu upande huu na upande ule. Nilinyoosha mstari. Nilifunga miiba ya naitrojeni kwa sharti lake. Nilipima kipande kimoja kimoja, vyote vitatu, na cha pili nikakirudia. Tukasomeana. Majibu yalikubaliana. Kilima kilikuwa kimepungua kuliko zamani, na kipo.

"Mawe!" akasema Koku, kama Mhaya anayemwita mama yake, ndipo akaanza kulia na yeye. "Ipo. Wakola, Ma, asante. Ipo."

Wale wakubwa waliondoa tangazo lao, na mmoja wao alimwandikia Koku kumshukuru. Ufadhili umeongezwa, si kwa muda mrefu, na bado hajamaliza, kwa hiyo msinihesabie kwamba mambo yamekwisha salama. Sasa anafungua vipande vya galaksi nyingine zilizotangazwa kufa, kimoja kimoja, na kila akinipigia tumbo linanikata upya. Mkiingia kazi hii, au kazi yoyote ya kuwaambia watu kilichopo na kisichokuwepo, tumbo litawakata na nyie. Mkiona halikati, ogopeni.

Lakini ile Jumapili, nilipokata simu, Kamugisha alikuwa bado pale kwenye ngazi, ameshika mkongojo kwa mikono miwili, anaogopa kuuliza.

"Adela," akasema mwishowe. "Mwenzangu hajambo?"

Nikaangalia sakafu mara moja zaidi.

"Hajambo," nikamwambia. "Amepungua kidogo, ila anakula."